Kijani cha Kweli na Kijani cha Uongo

Katika Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, matawi ya miti yalikuwa silaha. Askari aliyetaka kuuficha mzinga wake usionwe na rubani wa adui alikata matawi akaufunika. Aliyekuwa na ghala au magari alitandaza nyavu zilizopakwa rangi ya kijani. Rubani akipita juu aliona kijani tu, akadhani ni kichaka kama vichaka vingine, akaenda zake. Watu wengi walikufa kwa sababu ya kijani hicho, maana mzinga uliokuwa chini yake haukujulikana mpaka ulipolia.

Basi swali lililowasumbua majemadari likawa hili: Je, yawezekana mtu aliye angani kupambanua kijani kilicho hai na kijani cha tawi lililokatwa, au kijani kilichotoka katika kopo la rangi? Jawabu lilipatikana, nalo ndilo lililozaa chombo ambacho leo hulinda mashamba na malisho katika nchi nyingi, na nchi za Afrika ya Mashariki zimo. Habari za chombo hiki zamfaa kila alimaye na kila afugaye, kwa kuwa zatufundisha mambo mawili. La kwanza, elimu iliyotafutwa kwa ajili ya vita yaweza kugeuzwa ikawa msaada wa chakula. La pili, elimu hiyo, hata ikiisha kugeuzwa, haimwokoi mtu kwa kuona peke yake.

Asili ya habari hizi ni ya zamani kuliko vita. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekaa Uingereza, alipitisha nuru ya jua katika kioo chenye pande tatu. Nuru ikagawanyika rangi zake kama upinde wa mvua, toka zambarau hata nyekundu. Akaweka vipimajoto katika rangi hizo apate kujua joto la kila moja. Kipimajoto kilichowekwa kando, ng'ambo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni nuru yo yote, ndicho kilichopanda kuliko vingine vyote. Hapo akajua ya kuwa jua hutoa miali ambayo jicho la mwanadamu halikupewa kuiona. Katika makala haya tutaiita nuru ya ng'ambo ya nyekundu.

Miaka 110 ikapita. Mwaka 1910 mwalimu mmoja wa fizikia wa Marekani, jina lake Robert Williams Wood, alitangaza picha alizozipiga kwa nuru hiyo peke yake. Watu walizishangaa sana. Mbingu ya mchana ilikuwa nyeusi, na miti yenye majani mabichi ilikuwa myeupe, kana kwamba theluji imeanguka juu yake. Maana ya jambo hili ni kwamba majani, ambayo machoni petu ni ya kijani, huirudisha nuru ya ng'ambo ya nyekundu kwa wingi sana kuliko anavyoweza kudhani mtu.

Msomaji atauliza, kwa nini majani hufanya hivyo? Jani lafanana na nyumba yenye vyumba vingi. Ndani yake mna chembe za kijani, nazo hula nuru nyekundu na nuru ya buluu ili kuupikia mmea chakula chake. Kijani hazikili sana, kwa hiyo hicho ndicho kinachorudi machoni petu. Katikati ya jani mna vyumba vidogo vilivyojaa maji, na kati ya chumba na chumba mna nafasi za hewa. Nuru ya ng'ambo ya nyekundu ikiingia humo hugonga mahali maji yanapokutana na hewa, ikapotoshwa huku na huku, na karibu nusu yake hurudi nje. Walakini jani likinyauka, au likiugua, vyumba vile husinyaa na kubomoka, na nuru irudiyo hubadilika. Na rangi ya kopo haina vyumba kabisa. Kwa hiyo jani hai na bati lililopakwa kijani huweza kuwa sawasawa machoni pa mtu, lakini katika nuru ya ng'ambo ya nyekundu hayafanani hata kidogo.

Siku za vita, kampuni ya Kodak ya Marekani ikaitumia siri hii. Ikatengeneza filamu ya kufichua maficho. Ilikuwa na tabaka tatu, nayo ilipigwa kupitia kioo cha manjano ili kuizuia nuru ya buluu. Mahali palipotoka nuru ya ng'ambo ya nyekundu, picha ilionyesha nyekundu. Palipotoka nyekundu, ilionyesha kijani. Na palipotoka kijani, ilionyesha buluu. Picha iliposafishwa, msitu ulio hai ulitokea mwekundu, na nyavu zilizopakwa rangi zilitokea za buluu katikati ya wekundu ule, kama kiraka katika nguo. Matawi yaliyokatwa nayo, siku zilipopita na kunyauka kwao kulipozidi, yaliupoteza wekundu wake. Baadaye mafundi wa upande wa pili walibuni rangi zinazoirudisha nuru ile ile ya ng'ambo ya nyekundu, ili filamu nayo idanganyike. Ndiyo desturi ya vita: kila jicho jipya hutafutiwa kitambaa cha kulifumba.

Vita vilipokwisha, wako watu waliotambua ya kuwa swali la askari ni swali la mkulima pia. Askari aliuliza, "Kijani hiki ki hai?" Mkulima naye, atazamapo ngano yake, huuliza neno hilo hilo. Mmoja wa watu hao alikuwa Robert Colwell. Yeye alikuwa amesomea elimu ya maisha ya mimea katika Chuo Kikuu cha California, kisha siku za vita alitumikia katika jeshi la majini la Marekani huko Bahari ya Pasifiki, na kazi yake ilikuwa kusoma picha zilizopigwa toka angani. Aliporudi chuoni akawa mwalimu wa elimu ya misitu. Mwaka 1956 alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya magonjwa ya nafaka, yakiwamo kutu ya ngano. Alionyesha ya kuwa filamu inayopokea nuru ya ng'ambo ya nyekundu, ikipigwa toka ndegeni, huweza kuonyesha mahali ugonjwa ulipoanza shambani, na tena huweza kuutambulisha kabla haujawa dhahiri kwa mtu atazamaye kwa macho yake. Ile filamu iliyokuwa ikimtafuta adui chini ya matawi, sasa ilimtafuta adui ndani ya jani lenyewe.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1970. Katika miaka iliyotangulia, watengenezaji wa mbegu chotara za mahindi huko Marekani walikuwa wamependa sana aina moja ya mahindi ambayo mbelewele zake hazitoi chavua inayofaa. Sababu yao ilikuwa ya fedha: kwa aina hiyo hawakuwa na haja ya kuwalipa vibarua wa kukata mbelewele. Hata ikawa sehemu kubwa ya mahindi ya nchi ile ni ya damu moja. Ndipo kuvu mmoja wa mabaka ya majani alipotokea, naye aliweza kuishambulia damu ile hasa. Katika mwaka mmoja Marekani ikapoteza kama asilimia 15 ya mahindi yake yote.

Mwaka uliofuata, 1971, idara ya kilimo ya serikali, shirika la anga la NASA, Chuo Kikuu cha Purdue na Chuo Kikuu cha Michigan walishirikiana kulinda mahindi. Ndege ya upelelezi ya aina ya RB-57F, iliyoundwa kwa kazi ya kijeshi, iliruka kama futi 60,000 juu ya majimbo 7, ikipiga picha za sehemu 210 zilizochaguliwa, mara moja kila majuma mawili, kwa filamu ya jamaa ya ile ya vita. Chini, mabwana shamba walikwenda kwa miguu katika mashamba yayo hayo, wakiandika waliyoyaona katika majani. Kisha picha na maandishi vililinganishwa.

Matokeo yalifundisha unyenyekevu. Picha ziliweza kuonyesha vizuri shamba lililoshikwa sana na shamba lililoshikwa kiasi. Lakini ugonjwa ulipokuwa mchanga bado, picha za toka juu sana hazikuweza kuutambua kwa hakika. Aliyeujua mapema alikuwa bwana shamba, aliyeinama na kulishika jani. Neno hili tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Mwaka mmoja baadaye jicho lilipandishwa juu zaidi. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti iliyoitwa baadaye Landsat 1, ya kwanza iliyofanywa makusudi kwa kuichunguza nchi kavu. Haikuhitaji filamu ya kurudishwa duniani kusafishwa. Ilikuwa na mtambo wa kupima nuru na kupeleka hesabu zake kwa redio. Mtambo huo ulibuniwa na mwanamke, Virginia Norwood, ambaye alipokuwa kijana alifanya kazi katika maabara ya jeshi ya mawasiliano akishughulika na mambo ya rada. Setilaiti ilirudi juu ya mahali pale pale kila siku 18, ikipima kijani, nyekundu, na nuru ya ng'ambo ya nyekundu kwa namna mbili.

Wataalamu wa Texas waliokuwa wakichunguza malisho wakaiweka siri ya jani katika hesabu fupi, ambayo mwanafunzi wa shule aweza kuifanya. Chukua nuru ya ng'ambo ya nyekundu iliyorudi, toa nuru nyekundu iliyorudi. Kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme shamba lenye afya limerudisha sehemu 50 katika 100 za nuru ya ng'ambo, na sehemu 5 tu za nyekundu. Hamsini kutoa 5 ni 45. Jumla ni 55. Jawabu ni kama 0.8. Tuseme tena ardhi tupu imerudisha 30 na 25. Tofauti ni 5, jumla ni 55, jawabu halifiki 0.1. Kwa hesabu hii, nchi nzima yaweza kupimwa kama mwalimu asahihishavyo madaftari, na alama za mwaka huu zikalinganishwa na alama za miaka iliyopita.

Katika Afrika ya Mashariki elimu hii haikuchelewa kufika. Mwaka 1975 kituo cha nchi kadha wa kadha za Afrika kilianzishwa Nairobi kwa ajili ya kupima nchi, kuchora ramani na kusoma picha za toka angani. Na toka mwaka 1981 setilaiti za hali ya hewa za Marekani zilianza kutoa picha za kijani cha bara zima mara kwa mara, ijapokuwa hazikuonyesha mambo madogo. Baada ya njaa kali ya Ethiopia na Sudani ya mwaka 1984 na 1985, Marekani ikaunda mtandao wa kutoa maonyo ya njaa kabla haijafika, nao ulitumia picha hizo pamoja na habari za mvua, bei za sokoni na hali za watu.

Hapa ndipo jambo la pili tulilolitaja mwanzo linapojitokeza. Wahenga husema, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini historia ya chombo hiki yatuonyesha wenye macho walioambiwa tazama, wakatazama, na mkono usiende.

Tutoe mfano wa homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake vilitambuliwa mara ya kwanza katika shamba la kondoo karibu na Naivasha, na habari zake kutangazwa mwaka 1931. Homa hii huzuka baada ya mvua nyingi kupita kiasi, mayai ya mbu yaliyolala katika mabonde makavu yapatapo maji. Kwa kuwa mvua hizo huivisha nchi kijani kisicho cha kawaida, wataalamu walionyesha mwaka 1999 ya kuwa joto la bahari na kijani kipimwacho toka angani vyaweza kutangulia kutoa habari ya ugonjwa. Mwaka 2006 onyo likatolewa majuma kadhaa kabla ya ugonjwa kutokea. Mwezi wa Desemba watu waliugua huko Garissa. Chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, homa ikiwa imekwisha kuenea. Katika Kenya watu 155 walihesabiwa kuwa wamekufa, na katika Tanzania, ambako homa ilifika mwaka 2007, watu 109.

Na jambo lingine lilidhihirika baadaye, wachunguzi walipowauliza wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki ya Kenya. Hao walikuwa na jina la ugonjwa huo katika lugha yao, sandik, nalo lahusu damu itokayo puani mwa mnyama. Walikuwa wameziona mvua zisizo za kawaida, wakawaona mbu wengi kupita kiasi, wakaona na wanyama wao wakiharibu mimba, mapema kuliko daktari wa mifugo. Jicho la juu lilikuwa limeona, na jicho la chini limeona. Lakini hapakuwa na njia iliyotengenezwa ya kuwaunganisha hao wawili na mwenye chanjo.

Mwaka 2010 na 2011 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Maonyo juu ya ukame wa Somalia yalianza kutolewa tangu mwaka 2010, yakarudiwa tena na tena. Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu tarehe 20 Julai 2011, na misaada mingi ilikuja baada ya tangazo. Waliohesabu baadaye wamekadiria ya kuwa watu 258,000 walikufa toka Oktoba 2010 hata Aprili 2012, na zaidi kidogo ya nusu yao ni watoto wasiofika miaka mitano. Vita na ukali wa wenye silaha vilizuia njia, hilo ni kweli. Walakini haiwezi kusemwa kwamba dunia haikujua.

Huo ndio uzito wa habari hizi. Askari wa mwaka 1944 alipopewa picha yenye kiraka cha buluu, mzinga wake ulikuwa tayari, na amri ilikuwa tayari. Jicho na mkono vilikuwa mwili mmoja. Chombo kile kile kilipohamishiwa kazi ya chakula, jicho ndilo lililohamishwa. Mkono ulibaki nyuma.

Wako waliolitambua pengo hili wakajaribu kuliziba. Mwaka 2010 wilaya ya Marsabit, kaskazini ya Kenya, ilianza kuona bima ya mifugo ya namna mpya, iliyobuniwa na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi pamoja na wenzao. Mfugaji hulipa ada yake. Kijani cha malisho kipimwacho toka angani kikishuka chini ya kiasi kilichokubaliwa, hulipwa, bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Mwezi wa Oktoba 2011, katika ukame ule ule uliotajwa, wafugaji wa Marsabit walipokea malipo ya kwanza. Hapa onyo na fedha vimefungwa pamoja tangu siku ya mapatano, hata hapana haja ya kungoja huruma ya mtu.

Hata hivyo tusidhani kwamba kazi imekwisha. Katika sehemu za Baringo, Garissa na Mto Tana umeenea mti wa miiba uitwao mathenge, ulioletwa kutoka nchi za Amerika ili kuzuia jangwa. Mti huu hubaki na majani mabichi wakati wa kiangazi, nao umefunika malisho mengi. Setilaiti ipitapo huandika, "Hapa pana kijani, tena ki hai," nayo haisemi uongo. Lakini ng'ombe hapati nyasi chini yake. Ajabu ya mambo! Jicho lililoundwa ili kukifichua kijani cha uongo sasa hudanganywa na kijani cha kweli. Ni nani awezaye kulisahihisha? Ni yule apitaye kwa miguu, ajuaye ni jani gani mnyama hula na ni jani gani hukataa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabwana shamba wa mwaka 1971.

Tena jicho hili lina mwenyewe, na mwenyewe aweza kulifumba. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilipozuia fedha za misaada ya nchi za nje, ule mtandao wa maonyo ya njaa ulisimama, na habari zake zikaondolewa; zilianza kurudi baadaye mwaka huo huo. Kwa miezi kadhaa, watu waliozoea kuutegemea walijua maana ya kuazima macho.

Basi, wasomaji, tufanyeje? Wenye shule na wafundishe hesabu ile fupi, kwa kuwa picha nyingi za setilaiti hutolewa bure, na kijana aliyeielewa aweza kuzisomea nchi yake mwenyewe. Vyama vya wakulima na wafugaji na viulize mapema, kabla ya kiangazi: onyo likija, nani atalipeleka, kwa njia gani, na ghala gani litafunguliwa siku hiyo? Na kila mmoja wetu asiache kulitembelea shamba lake na kuligeuza jani aone upande wa chini. Picha ya toka juu humwambia mtu pa kwenda. Akifika, ni juu yake kutazama ni kitu gani kilichopo, na kutenda.